Krismasi Ishirini na Saba za Mama Mashuka

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aje akae. Leo tunamkumbuka dobi wa hospitali. Hakuwa maarufu. Hakuwahi kutokea gazetini. Lakini kama uliwahi kulazwa hospitali kuu, wewe au mama yako au mtoto wako, basi umelalia shuka lililopita mikononi mwake. Alifua mashuka hayo miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Mama Mashuka, na sisi leo tutamwita hivyo hivyo.

Alifariki tarehe sita mwezi huu, akiwa na miaka hamsini na saba.

Sasa, kabla sijafika mbali, simu ya hapa studio imeshaanza. Jana tulitangaza kwamba tutamkumbuka mtu ambaye hakuwa na dini, na leo asubuhi nimekuta ujumbe. Nausoma kama ulivyo. "Mtangazaji, zimebaki siku tatu Krismasi ifike. Mmekosa hata muumini mmoja wa kumkumbuka?" Asante, ndugu yangu. Vuta subira. Hicho unachokiuliza ndicho kilichomchosha marehemu maisha yake yote. Mimi nimekaa na familia yake siku mbili tu, na kimeshanichosha.

Naweka wazi mapema, na nitarudia. Mama Mashuka hakuwa na dini. Na Mama Mashuka aliipenda Krismasi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Kwa miaka ishirini na saba mfululizo hakuipata. Krismasi ishirini na saba alizipitisha akiwa kazini, mikono imejaa povu, kwa sababu ya neno moja aliloliandika kwenye fomu.

Tuanze mwanzo.

Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne. Mkubwa wao ni kaka yake, ambaye leo ni mzee wa kanisa na ndiye mtunza mhuri wa kanisa lake. Huo mhuri uwekeni akilini. Wa mwisho ni mapacha, wa kike na wa kiume, waliohamia mji mwingine tangu ujana. Mama yao alikuwa mjane na fundi cherehani. Sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Mwaka mzima meza ya sebuleni ilifunikwa na vitambaa, mikasi, chaki na pini, na watoto walikula wamepakata sahani zao.

Mara moja tu kwa mwaka meza ile ilifunuliwa. Siku ya Krismasi, saa saba mchana. Vitambaa vilihamia kitandani. Pini ziliokotwa moja moja. Watoto wanne wakaketi. Mama alisimama kwanza akawahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, ndipo naye akaketi. Binti wa kaka mkubwa, ambaye ni mwalimu na ndiye aliyetuletea habari hizi hapa studio, anasema kila mwaka pini moja ilisahaulika, na kila mwaka aliyeikalia alikuwa baba yake.

Mama Mashuka alipofika miaka kumi na tisa, imani ilimtoka. Hakukuwa na kisa. Hakugombana na mtu. Alijaribu, ikakataa. Akaona hawezi kuendelea kufumba macho huku anawaza mambo mengine, akaenda kumwambia mama yake. Mama alikuwa anashona ukosi. Alikata uzi kwa meno, akauliza kama anasema kweli. Akajibiwa ndiyo. Akauliza tena, "Krismasi utakuja mezani?" Binti akasema atakuja. Mama akasema, "Basi nenda ukamenye vitunguu."

Hayo ndiyo yote yaliyosemwa kati yao kuhusu dini, mpaka mama alipokufa. Yule mama alikuwa mtu wa ibada kila wiki, mvua au jua. Aliumia, sitasema hakuumia. Lakini alichotaka yeye siku ile ilikuwa vichwa vinne mezani, na hakumwekea mtoto wake sharti.

Tufike hospitali. Ana miaka ishirini na sita. Amepata kazi kwenye chumba cha kufulia. Anapewa fomu. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Jina la ndugu wa karibu. Halafu kuna kisanduku kimeandikwa "Dini". Akaandika: "Sina."

Karani alimwangalia. Akamshauri kwa wema kabisa aandike yoyote tu, kwani nani anasoma. Alikataa. Alisema, ikiwa yeye alimwambia mama yake mzazi ukweli, aje amdanganye karani?

Wasikilizaji wapendwa, aliyesoma alikuwepo. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Mtu wa kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mbaya, na nimeambiwa hata alikuwa mkarimu kwa wagonjwa. Ila alipenda orodha zinyooke. Hospitali hailali, mashuka hayana sikukuu, na kila siku ya sikukuu walihitajika watu wawili: mmoja kwenye mashine, mmoja kwenye pasi kubwa yenye mapipa yanayozunguka. Kila mwaka msimamizi alitoka jasho kuwapata wawili hao. Kila mtu alikuwa na sababu. Alipoiona fomu iliyoandikwa "Sina", uso ulimchangamka.

Desemba ikaja. Orodha ya zamu ikabandikwa ukutani, karibu na bomba la mvuke. Ilikuwa na safu tatu: Jina, Dini, Zamu. Tarehe ishirini na tano, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri: Mama Mashuka. Akadhani ni kwa sababu ni mgeni. Akafanya. Mwaka uliofuata, yeye. Wa tatu, yeye.

Na si Krismasi peke yake. Pasaka, yeye. Idi, yeye. Mpiga pasi wa pale, ambaye ni Mwislamu na alifanya naye kazi miaka yote hiyo, anacheka hadi leo akisimulia, ila anacheka shingo upande. "Mimi nilikuwa nashika Krismasi, sina neno, ni haki," anasema. "Idi zangu mbili napumzika. Dada alikuwa anashika zake, zangu na za jirani. Nilimwambia, dada yangu, hapa wewe ndiye mtu wa dini kuliko sote. Hakuna sikukuu inayokupita."

Mwaka wa nne alikwenda ofisini. Alimweleza msimamizi kwa adabu kwamba nyumbani kuna meza, kuna mama anayehesabu watu, kuna mapacha wanaokuja kwa basi na kuondoka na basi la saa tisa. Zamu yake inaisha saa hiyo hiyo ya saa tisa. Akifika nyumbani ni saa kumi, chakula kimepoa na mapacha wameshashika njia. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mapumziko ya sikukuu ni ya wenye sikukuu. Mama Mashuka akamuuliza swali ambalo wenzake walilirudia miaka mingi baadaye:

"Mzee, nimeandika sina dini. Niliandika sina mama?"

Msimamizi akasema ataliangalia. Hakuliangalia.

Basi kila Novemba aliandika barua. Naomba mnisikilize vizuri hapo. Kila Novemba. Mwaka huu anaeleza habari ya mapacha. Mwaka ujao anaeleza kwamba mama anazeeka. Kuna mwaka alichoka akaandika mstari mmoja tu, kwamba anaomba ruhusa kwa sababu anapenda keki. Zote zilijibiwa kwa sentensi ile ile. Mfanyakazi mmoja pale alikuwa anaonekana kanisani siku moja kwa mwaka, na siku hiyo anakwenda kuionyesha nguo mpya. Huyo kila Krismasi yuko nyumbani. Mama Mashuka aliyekesha kupamba keki ya mama yake, huyo yuko kwenye mashine namba mbili na mashuka ya wodi ya wazazi. Mimi ningepasua kitu.

Na wenzake walimshauri: nenda kwa karani, badilisha fomu. Neno moja tu. Mwaka wa kumi alikwenda. Karani akamtolea fomu, akampa kalamu. Akaishika. Akairudisha. Alimweleza mpiga pasi kwamba akidanganya pale, kila tonge atakalokula mezani kwa mama litakuwa la uongo, na yeye alichokuwa anakipenda kwenye meza ile ni kwamba hakudanganya ili akae.

Ujumbe mwingine umeingia. "Mtangazaji, kama haamini, Krismasi ya nini? Si akubali tu kazi." Haya. Nitakujibu kwa maneno ya mpiga pasi, maana yeye alikuwepo. Anasema siku hizo za Krismasi Mama Mashuka alikuwa anaimba. Nyimbo zote, beti zote, sauti juu ya mashine. Akamuuliza, dada, si huamini wewe? Akajibiwa, "Nilizijulia jikoni na Mama, tukimenya vitunguu. Sasa nizipeleke wapi?" Mpiga pasi anasema sasa na yeye anazijua zote, hadi ubeti wa nne.

Sasa tufike kwenye mhuri.

Ilikuwa Krismasi ya kumi na tisa. Mama yao alikuwa mgonjwa, macho yamepungua nguvu, ameshaacha kushona. Alisema waziwazi kwamba anadhani hii ndiyo ya mwisho, na anataka wanne. Hakuomba dawa wala nguo. Aliomba wanne, saa saba.

Mama Mashuka akaenda kwa msimamizi. Safari hii hakuandika barua, alikwenda mwenyewe na aproni yake imelowa. Msimamizi naye alionekana kuguswa. Akatafuta njia. Njia aliyoipata ndiyo hii: alete barua yenye mhuri wa nyumba ya ibada, yoyote ile, inayosema kwamba siku hiyo anaisherehekea. Akiwa na mhuri kwenye faili, orodha itanyooka na hakuna wa kumuuliza.

Na mhuri ulikuwa kwenye droo ya kaka yake.

Alikwenda kwa kaka yake siku hiyo hiyo, mapema jioni, akamkuta anapanga vitabu vya nyimbo. Akamweleza. Akamwambia asiandike kwamba anasali. Aandike kilicho kweli: kwamba kila Krismasi anakaa mezani kwa mama yake.

Kaka akatikisa kichwa. Alisema mhuri ule si wa kwake, ni wa kanisa. Alisema miaka yote amemwona mdogo wake akila keki, akiimba, akining'iniza nyota mlangoni, na hajawahi kumwona akipiga goti. Anaitaka sikukuu, hamtaki mwenye sikukuu. Alisema siku ile ina mwenyewe. Wasikilizaji wapendwa, msimcheke. Kuna wengi wenu mnaoitikia kwa kichwa hapo mlipo mnasema kaka mtu amesema kweli. Na yeye alikuwa anaamini anachokisema, hakumfanyia ukatili kwa makusudi.

Mama Mashuka alimjibu. Binti wa kaka alikuwa chumba cha pili na anayakumbuka maneno.

"Kaka, soma kitabu chako. Siku ile habari walipewa nani kwanza? Wachunga kondoo. Na walikuwa wapi? Walikuwa kazini. Walikuwa zamu, Kaka. Hakuna aliyewauliza fomu zao zimeandikwa nini."

Kaka akafunga droo.

Mama yao aliposikia, hakumgombeza mtu. Aliomba karatasi na kalamu. Alikuwa na mwandiko wa kupima nguo, namba zake nzuri kuliko herufi. Akaandika mistari mitatu, na nakala yake ninayo hapa mkononi. "Bwana Msimamizi. Mimi ni mama yake. Ninamngoja saa saba."

Mama Mashuka aliipeleka. Msimamizi aliisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Kisha akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, "Haina mhuri", akaitia kwenye faili.

Nashusha pumzi, samahani.

Krismasi hiyo mama alihesabu watatu. Mama Mashuka alifika saa kumi, anakimbia, viatu mkononi. Mapacha walikuwa wameondoka. Mama alikuwa bado ameketi palepale mezani, amekataa kulala. Akamwekea kidole kifuani, akasema, "Nne," ndipo akakubali kwenda kupumzika. Alifariki Februari.

Siku ya mazishi Mama Mashuka alimwambia kaka yake maneno mawili tu. "Mhuri mmoja." Baada ya hapo walisalimiana kama majirani kwa karibu miaka kumi na miwili. Habari, nzuri, watoto, hawajambo. Meza ya mama aliichukua Mama Mashuka. Kaka akawa anafanya Krismasi nyumbani kwake, na Mama Mashuka akawa anafanya hospitali, kwenye mashine namba mbili. Ya ishirini. Ya ishirini na moja. Mpaka ya ishirini na saba.

Ndipo yule msimamizi akastaafu. Na utawala ukatazama ni nani anakijua chumba cha kufulia kuliko wote, ni nani hajawahi kukosa siku, na jibu likawa moja. Mama Mashuka akawa msimamizi.

Siku ya kwanza aliingia ofisini, akavuta kabati, akatoa faili lake mwenyewe. Barua zake ishirini na kitu zilikuwa humo zimepangwa kwa tarehe, maana yule mzee alikuwa mtu wa mpangilio. Na kati yao ilikuwepo ile ya mama, na wino mwekundu. Mpiga pasi alimkuta amekaa nayo. Anasema hakuwa analia. Alikuwa amekasirika. Alisema, "Kila kitu kilikuwa humu. Nani, na saa ngapi. Alikuwa anataka nini tena yule mzee?"

Desemba hiyo orodha mpya ikabandikwa ukutani karibu na bomba la mvuke. Safu ya Dini haikuwepo. Mahali pake pameandikwa: "Anayekungoja. Saa ngapi."

Watu walisimama mbele ya orodha ile wakakuna vichwa. Wakaanza kujaza, na kumbe wengi hawakuhitaji siku nzima. Mmoja anangojwa ibadani mpaka saa nne, baada ya hapo yuko huru. Mwingine anangojwa na watoto saa kumi. Mpiga pasi aliandika kwamba siku hiyo hangojwi na mtu, ila siku ya Idi anangojwa na watu kumi na tisa. Yule wa nguo mpya alikwama, mwisho akaandika "shemeji", na wote wakajua ni uongo, wakamwacha. Zamu ikakatwa vipande vipande, kila mtu akapata saa yake, na mashuka yakatoka kama kawaida. Ilichukua nusu saa kuipanga. Nusu saa, wasikilizaji wapendwa, kwa jambo lililomnyima mtu Krismasi ishirini na saba.

Mtu wa makamo anayeendesha kikaushio, ile mashine ya kukaushia mashuka, aliyefiwa na ndugu zake wote, aliandika "Hakuna". Mama Mashuka alilitazama neno lile, akalifahamu vizuri sana. Akalikata. Akaandika juu yake: "Mimi. Saa saba."

Na kwenye jina lake mwenyewe, msimamizi, aliandika: "Kaka. Saa saba."

Alimtumia kaka yake mwaliko. Meza ni ile ile ya Mama, saa ni ile ile. Kaka akajibu kwamba nyumba isiyosali inasherehekea nini. Hakuja. Mapacha walikuja, mtu wa kikaushio alikuja, kiti kimoja kikabaki.

Mwaka wa pili akaandika tena: "Kaka. Saa saba." Mwaka huo alikuja. Alifika mlangoni na suti yake ya kanisani, akaona meza, akaona nyota, akauliza ni nani atakayeombea chakula. Mama Mashuka akasema ni yeye, nani mwingine. Kaka akasema sala si pambo la kuning'inizwa pamoja na nyota. Mama Mashuka akasema hajasema ni pambo, aombe tu wamngoje, ila asiombe dakika kumi na moja kama siku ya harusi ya binti yake. Wakasimama pale mlangoni, watu wazima, mmoja na Biblia, mmoja na bakuli, wakibishana. Pacha wa kike akawaambia jamani, kuku anapoa. Saa saba na nusu kaka alikuwa barabarani anarudi kwake.

Mwaka wa tatu, ambao ni mwaka jana, aliandika tena: "Kaka. Saa saba." Kaka hakuja. Baada ya kula, binti wa kaka alikuwa anaosha vyombo, akaona shangazi yake anamletea sahani safi. Akamwambia, shangazi, hii haijatumika. Shangazi akasema ioshwe, imekaa mezani mchana kutwa.

Mwaka huu, tarehe mosi Desemba, Mama Mashuka alibandika orodha. Tarehe sita, asubuhi, akivaa kwenda kazini, moyo ulisimama. Hakuugua.

Baada ya mazishi, kaka yake alikwenda hospitali kuchukua vitu vyake. Mpiga pasi alikuwa ameshaviweka tayari: aproni, miwani, kikombe, na faili. Kaka alilifungua faili pale pale amesimama, na akaikuta barua ya mama yake. Hakuwa amewahi kuiona. Alijua tu kwamba mama aliandika kitu. Aliusoma mwandiko ule wa kupima nguo, na akausoma na wino mwekundu.

Kisha akainua macho, akaiona orodha ukutani. Akatafuta jina la mdogo wake. Akaona neno "Kaka".

Alimuuliza mpiga pasi maana yake. Mpiga pasi akamweleza kwamba safu ile ni ya mtu anayekungoja nyumbani, na kwamba aliandika hivyo kila mwaka, huu ni wa nne. Akamweleza na mengine, maana alikuwa na hasira naye. "Nilimwambia, dada, huyo hakungoji. Akaniambia, najua. Niachie."

Mnielewe hapo. Mwanamke huyu alikataa kudanganya kwenye fomu miaka thelathini na moja. Neno moja lingempa Krismasi zote, hakuliandika. Uongo pekee aliowahi kuuandika kwenye karatasi ya ofisi ni huo, kwamba kaka yake anamngoja.

Jana kaka huyo alikuja hapa studio. Alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Nilikuwa nimejipanga kumuuliza maswali makali, na nilimuuliza. Alisema alikataa kudanganya kwa mhuri kama mdogo wake alivyokataa kudanganya kwa kalamu, wamelelewa na mama mmoja. Nikamwambia, mzee wangu, hakukuomba uongo. Alikuomba uandike kwamba anakaa mezani. Akainama. Akasema, "Najua. Nimesoma habari ya wachunga kondoo kila mwaka tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuwaza kwamba walikuwa kazini."

Kisha akaniomba nitangaze jambo. Natangaza. Siku ya Krismasi, nyumbani kwa marehemu, kwenye meza ya mama yao, chakula kitakuwepo. Mapacha wanakuja, na safari hii wamekata tiketi za kesho yake. Mtu wa kikaushio anakuja. Mpiga pasi yuko zamu hadi saa sita, akitoka anakuja, na amesema ataimba. Kaka amemwomba mchungaji wake ruhusa ya kutoka mapema ibadani, jambo ambalo hajalifanya maisha yake. Atakuwa amekaa saa sita na nusu. Nilimuuliza kwa nini mapema hivyo. Akasema, "Imeandikwa ninamngoja. Basi nitamngoja."

Na sala? Kaka anasema ataiomba yeye, na itakuwa fupi. Binti yake alikuwa amekaa pembeni, akasema tutaona.

Kwa kaka, kwa mapacha, kwa binti wa kaka, na kwa wote wa chumba cha kufulia, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa redioni. Amelala mahali pema aliyewatandikia wengi.

Na wewe uliyetuma ujumbe, na mwenzako aliyefuata, na wengine saba ambao sikuwasoma. Mnaniuliza kama asiye na dini aruhusiwe kusherehekea Krismasi. Mimi si wa kuruhusu wala kukataza, na mhuri sina. Naomba tu mtafakari. Tazama orodha ya kazini kwenu, ni nani amewekwa zamu siku hiyo, na kwa nini yeye kila mwaka. Halafu tazama meza yako. Kama kuna mtu ulimfungia droo, bado siku tatu. Mpigie leo, mwambie unamngoja, na umwambie saa ngapi.